Paja la swala kutoka Mwenga

Maman,

Ninakimbilia kazini Ibanda. Maharagi nimeyaloweka, yapike na mboga za lengalenga. Ile nyama kavu utakayokuta jikoni usimpe papa, hata akiomba kwa upole. ~~Itupe.~~ Mupelekee jirani, kutupa chakula ni dhambi.

Asubuhi ulipokuwa misani, tonton Bahizire, ndugu ya papa, alifika toka Mwenga na paja la swala lililokaushwa kwa moshi. Alisema wawindaji sasa wanatembea siku tatu kumpata mmoja. Zamani walimkuta nyuma ya nyumba. Unajua desturi: mwenye nyumba aonje mbele ya aliyeleta. Papa akanyoosha mukono, na mguu umevimba hata kiatu hakiingii, na daktari amemkataza nyama. Nikamzuia.

“Wewe mutunga mashairi,” akasema, “shairi lako linashibisha nani?”

“Halishibishi, papa, lakini halivimbishi mguu.”

Tonton akanuna. Basi nikaonja mimi kwa niaba ya papa, mimi niliyeapa tangu Pasaka kuacha nyama ya pori. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo limeniuma. Kiapo nimekianza upya leo saa mbili.

Mutoto wako mukubwa