Mbuzi Sufuri

Isiolo mjini

Mpendwa Fathia,

Salaam aleikum. Natumai u mzima huko Kulamawe, na kile kikohozi cha mama kimepoa. Mimi ni mzima wa mwili tu. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ningefuta.

Uliniuliza kuhusu masomo ya kompyuta. Lugha tunayofundishwa, ile ya kujenga programu kwa fankisheni, yaani vipande vidogo vya maagizo, ni kali kuliko mama mkwe. Mahali pa nambari ukiweka maneno inakataa kabisa, inakuandikia kosa jekundu. Mwalimu Githae alituonya tusilizime kosa kabla ya kujua linasema nini.

Mwezi wa tatu ofisi ya mifugo ilinipa orodha ya wafugaji wa kwenu, nitengeneze programu ya kupanga gari la chanjo lipite kwa nani. Siku nne ikanikatalia: inataka nambari, imepewa maneno. Kumbe wazee wengi hawakutaja idadi ya mbuzi. Unajua mwenyewe, kwenu kuhesabu mifugo ni kuita mkosi. Baba yako alimwambia karani aandike, Mungu ndiye anayejua.

Githae alisema hao niwaweke kando kama wasiojulikana, watembelewe mmoja mmoja. Niliona ananichelewesha. Ijumaa wakubwa walikuwa wanakuja kuona kazi, nami nilikuwa nimechoka kuitwa binti wa muuza miraa. Nikaiambia programu kila penye maneno isome sufuri. Makosa yakaisha yote, nikapigiwa makofi.

Mwenye mbuzi sufuri hapelekewi chanjo. Gari likapita boma lenu bila kusimama.

Uliponiandikia kwamba ugonjwa umewaua mbuzi wenu, wamebaki wawili, na kwamba daktari wa mifugo, Abdighani, aliwaruka kwa chuki za ukoo, nilikujibu kwamba Mungu atamlipa. Nilikuwa nimeshaiangalia orodha, Fathia. Nilijua ni mimi. Abdighani amehamishiwa Oldonyiro kwa aibu isiyo yake, na mkewe bado hunisalimia sokoni kwa heshima. Najichukia.

Jana nilimweleza mkuu wa ofisi. Akasema yaliyopita si ndwele, nikae kimya. Sitakaa. Barua hii nimeitia sahihi. Ipelekeni kwa chifu, au kwa yeyote mnayemtaka.

Msalimie mama na wadogo zako wote. Baba usimpe salamu zangu kabla hujamsomea.

Ni mimi,
Kendi Mutea