Bakuli Moja la Chai, Kamakura

Dada Koku,

Natumaini leo umeamka na nguvu za kukaa uani. Huku Japani wenyeji wa kozi yetu wametupandisha njia ya msituni mpaka kwenye hekalu linalotazama bahari. Tukapewa chai ya kijani, nzito kama uji, bakuli moja kwa watu wote. Mzee aliyekuwa akikohoa akanywa, akafuta mdomo wa bakuli, akanipa. Nikanywa bila kuwaza.

Ndipo nikakumbuka kikombe chako, kile nilichokifunga uzi mwekundu ulipoanza kuugua ugonjwa huu wa siku hizi, ili mwingine asikinywee. Machozi yakanitoka. Wakadhani chai ni chungu, wakaniletea peremende.

Kata huo uzi, dada. Nikirudi utakunywa wewe kwanza, halafu unipe.

Mdogo wako,
Mugisha