Eneo Lililotoka Sufuri

Jumatatu, 3 Juni
Kidato cha Nne, integrali tena. Miaka ishirini na miwili, daftari lilelile. Leo: eneo kati ya mchoro wa y = x³ − 4x na mstari wa x, kutoka −2 hadi 2. Jibu langu, 0. Wawira akainua mkono. "Mwalimu, hiyo eneo si tunaiona hapo? Itakuaje sufuri?" Darasa likacheka. Yeye anasema ni 8. Nikamwambia anyamaze, akabisha tena. Nimemtuma nyumbani Kianjokoma alete mzazi.

Jumatano, 5 Juni
Dawati lake tupu. Darasa kimya, kazi inasonga.

Alhamisi, 6 Juni
Nimechora mchoro kwenye karatasi ya grafu nimwonyeshe mzazi kosa la mtoto. Nikahesabu miraba. Juu ya mstari, kama minne. Chini, kama minne. Nikarudia kwa penseli nyingine, kana kwamba penseli ndiyo mbaya. Integrali huipa sehemu ya chini alama ya kutoa, basi zinamezana. Anayetaka eneo hukata pale 0, akafanya kila upande peke yake, kisha akajumlisha. Nane. Mtoto yuko sahihi. Nimewafundisha wangapi hivi? Sitaki kujua.

Ijumaa, 7 Juni
Amekuja nyanya yake na kikapu cha nduma. Walimu wanne walikuwa ofisini. Sijafungua mdomo, akamwamuru Wawira aniombe msamaha. Akaomba. Nikasema nimemsamehe. Mimi! Nina aibu. Nduma nimekula.

Alhamisi, 13 Juni
Jaribio. Niliweka swali la namna ileile makusudi, nikitumaini Wawira ataandika ukweli aniokoe. Ameandika 0. Kazi safi, hatua zangu zote. Darasa zima, thelathini na wanane, wameandika 0. Mtihani wa taifa hauombwi msamaha. Mimi ni mwoga, na wao ndio watakaoanguka.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeingia bila daftari. Nikamwita Wawira ubaoni, nikampa chaki na lile swali la kwanza. Akanigeukia.

"Mwalimu, niandike yako ama ya ukweli?"

Hakuwa na ujeuri. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nikasema ya ukweli. Nikaliambia darasa kwamba yangu ilikuwa kosa, na kwamba nililijua kabla nyanya yake hajafika. Hakuna aliyecheka. Nikaenda kukaa kwenye dawati lake. Akaukata mchoro pale sufuri, akaanza na upande wa kushoto. Wenzake wakanakili. Mimi pia.