Kiti Kilicho Mbele ya Kamera

Mwanangu,

Simu zangu hupokei, basi isome hii hata kwa hasira. Dada yako ameupaka mlango rangi, sasa umekuwa kama wa zahanati.

Unasema tulikuficha ugonjwa wa baba yako mpaka ukakosa hata kumzika. Ile kamera uliyotufungia sebuleni, ututazame kwa simu huko uliko, ndiyo iliyotuponza. Taa yake huwaka kijani ukiifungua, nawe huifungua saa saba, wakati wa chakula. Basi kila siku kabla ya saa saba tulimtoa kitandani, tukamvalisha shati, tukamkalisha kitini. Taa ikiwaka, anakaza shingo na kukupungia mkono. Ikizimika tu, tunambeba kumrudisha kitandani.

“Asije akaacha kazi kwa ajili yangu,” alisema. Ningembishia vipi?

Jana, siku ya tisa tangu tumzike, nilichana nywele mapema. Dada yako akanishika kiuno mpaka kwenye kiti kile. Taa ilipowaka nikakaza shingo, nikakupungia mkono mpaka ikazimika.

Umeona nilivyo mzima?

Ni mimi,
Mama yako