Maji Yaanzie Chini

Kirua Vunjo,
S.L.P. Moshi.
4 Machi 1984.

Mpendwa kaka Ebenezeri,

Shikamoo kaka. Nakuandikia tukiwa tumetoka kanisani sasa hivi, na kila aliyeniona na kalamu amenituma salamu. Baridi ya huko Leipzig imepungua? Na kile kikohozi ulichotuandikia wakati wa Krismasi kimekwisha? Mama anasema uchemshe tangawizi unywe asubuhi na jioni. Nilimwambia labda huko tangawizi haipatikani, akaniangalia kama nimeitukana Ujerumani nzima.

Sisi hapa tu wazima. Bibi analalamikia magoti, lakini ibada hakosi. Dada Aikande amejifungua salama mtoto wa kike, mnene, analia mpaka kwa jirani. Sabuni bado tunaitafuta kwa tochi, na sukari tunaisikia kwa jina tu. Wanaotoka Holili, kule mpakani na Kenya, ndio wananukia siku hizi.

Basi, salamu nimemaliza. Sasa tugombane.

Barua yako kwa baba ilifika Jumanne. Aliisoma kwa sauti huku mimi napukuchua mahindi palepale karibu yake, kwa hiyo nayajua yote. Umesema niachane na ndoto za kompyuta. Umesema nchi isiyo na sabuni haina haja ya mashine hizo, na kwamba msichana ambaye hajaiona hata moja atakwenda Dar es Salaam kuaibisha ukoo mbele ya watu. Umemshauri baba anipeleke Moshi mjini nikajifunze kupiga chapa. Tena mwishoni ukakumbusha lile sanduku lako la bati litunzwe, lisiingie kutu, utalihitaji ukirudi.

Unajua vizuri kwamba baba alikuwa anasubiri neno lako. Lile shirika la kompyuta la Dar es Salaam limeniita kwenye usaili tarehe kumi na tisa mwezi huu. Wanataka waliofaulu hesabu kidato cha sita, wawafundishe kuandika programu. Baba alisema, Ebenezeri akikubali utakwenda. Hukukubali. Mahindi niliyapukuchua siku ile mpaka vidole vikatoka malengelenge, kwa hasira.

Kaka, nakupenda, lakini hapa umenikosea. Sabuni hatuna, ni kweli. Tangu lini kichwa kikasubiri kibali cha kuingizwa nchini?

Kile kitabu cha kompyuta mwalimu wa hesabu wa kujitolea alichotuachia shuleni, mchwa walikuwa wamekula sura mbili za mwanzo pamoja na picha zake. Ndiyo maana mpaka leo sijui kompyuta inafananaje. Sijui kama ni kubwa kama kabati au kama nyumba. Wewe umeniandikia kwamba huko mnaitazama kupitia kioo. Haya, wewe umeiona sura. Mimi nimesoma inavyofikiri, kuanzia sura ya tatu mpaka ya mwisho, na mazoezi nimefanya yote kwa penseli.

Nikueleze, maana najua hukuniuliza. Mashine ile inajua mambo mawili tu, kipo au hakipo, moja au sifuri. Ukiyapanga hayo mawili vizuri unapata hesabu zote za duniani. Kwa vidole vya mkono mmoja, sisi tunahesabu mpaka tano tukachoka. Ukihesabu kwa njia yake, kidole kilichonyooka ni moja, kilichokunjwa ni sifuri, mkono huohuo unafika thelathini na moja. Nilikuwa nafanya hivyo kanisani wakati wa matangazo, mama akanifinya.

Palikuwa na sura ya vilango vya "na" na "au" ambayo ilinishinda. Niliisoma mpaka nikataka kukitupa kitabu. Kisha siku moja nikiwa shambani kwetu kihambani nikayaona maji ya mfereji. Kufika kwenye migomba yetu ya chini, maji lazima yapite kwenye kizibo cha juu na kizibo cha kati. Vyote viwili vizibuliwe, kimoja hakitoshi. Nikasema hii ndiyo "na" ya kitabuni. Lakini kwa Mama Mektrida, jirani yetu, maji yanaingia kwa njia mbili, upande wa mto au upande wa njia ya kanisani, na yoyote ikizibuliwa anapata. Hiyo ndiyo "au". Nilicheka peke yangu mpaka Mama Mektrida akaniuliza kama nina homa.

Sasa sikiliza lililotokea, maana najua baba hajakuandikia.

Januari jua liliwaka vibaya, na ugomvi wa maji ukazuka kwenye mfongo. Vihamba vimegawanywa mno tangu uondoke, kila mtoto amekatiwa kipande, na mfereji ni uleule mmoja. Zamu zikavurugika. Watu walizibua maji ya wenzao mchana kweupe. Mzee Ndelilio, ambaye bado ndiye mkuu wa mfongo, alikuja nyumbani kumlilia baba. Mimi nikachora mpango wa zamu kama kitabu kinavyofundisha: anzia hapa, uliza hivi, kama ndiyo nenda kule, kama siyo rudi. Baba akaupeleka kwenye kikao bila kusema ni wa nani. Wazee wakaupenda sana.

Ukaharibika siku ya kwanza, kaka. Wala sifichi. Nilianzia juu, kwa ukoo wa waliouchimba mfongo, kama ilivyo desturi tangu enzi za babu, nikateremka nyumba kwa nyumba. Kwenye karatasi ukizibua kizibo maji yanafika papo hapo. Lakini mfereji mkavu una kiu yake. Kila zamu ilipoteremka, kipande kipya cha mfereji kilikunywa maji kwanza. Yalipofika mwisho kabisa, kwa mjane Yuditha, zamu yake ilikuwa imeshakwisha. Miche yake ya kabichi ikakauka yote. Niliumia sana kwa ajili yake.

Hapo ndipo baba akabanwa, akasema ukweli kwamba mchoraji ni binti yake. Lo! Wewe unawajua. Mwanamke kusogelea mambo ya mfongo! Ilikuwa kelele tupu. Wakanitoza faini ya mtungi wa mbege.

Wengine wote walidhani nitaona haya, nijifiche jikoni. Nilitwanga ulezi, nikachemsha ndizi, nikaipika mbege mwenyewe, nzuri kuliko ya mama, na mtungi nikaubeba mwenyewe mpaka kikaoni. Nikautua katikati yao. Wakasubiri niondoke. Sikuondoka. Baba alikuwa anaangalia chini. Mzee Ndelilio akaonja, akafuta midomo, akasema, "Aliyelipa faini hana kosa tena. Na aseme."

Nikasema. Niliwaambia: maji yaanzie chini. Wa kwanza awe Yuditha wa mwisho kule bondeni, zamu yake ihesabiwe maji yakishafika kwake, kisha tupande. Mfereji mzima utalowa mara moja tu, na kila wa juu yake akifika zamu, maji yanampitia mlangoni tayari. Ukoo wa waliochimba wanywe mwisho.

Kaka, kama ungekuwapo! Mmoja wao alisimama akaondoka kabisa. Lakini mbege ilikuwa nyingi na jua lilikuwa kali, wakakubali kujaribu. Mpaka leo zamu zinaanzia chini. Yule aliyeondoka kikaoni naye yumo, na hajakosa maji. Yuditha amepanda kabichi upya na zimeshika.

Sasa wewe unasema sijawahi kuendesha mashine. Nimeendesha wazee wa mfongo! Mashine hainywi mbege, hainuni, wala haikuulizi wewe ni binti wa nani. Nilikosea mbele ya watu, nikatozwa, nikarekebisha, na ikafanya kazi. Kitabu kinasema hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kupiga chapa maneno ya watu wengine sitaki. Usinitafutie nafasi hiyo kwa rafiki yako yeyote.

Nilikuwa nimepanga kuondoka hata bila ruhusa. Nilimwambia mama, akalia, halafu akaanza kunikaushia ndizi za safari huku analia. Baba sikumwambia. Tangu ile barua yako, siku nzima amejitenga nyuma ya zizi anakwangua kitu, nikajua ana hasira nami.

Leo baada ya ibada ameingia chumbani, ameweka kitu kitandani, ametoka bila kunitazama. Ni sanduku lako la bati. Kutu yote ameisugua. Pale juu kwenye kifuniko, alipokuandikia jina lako kwa rangi nyeupe ulipokwenda sekondari, amekwangua mpaka bati likang'aa. Ameandika ELINIPENDO, kwa zile herufi zake za kupinda, na rangi haijakauka. Nimeigusa, imeniachia alama kidoleni, na ukitazama pembeni mwa karatasi hii utaiona.

Bibi anakusalimu, anasema usisahau sala. Mama anasema tangawizi. Aikande na mtoto wanakusalimu, na Mzee Ndelilio pia. Nisalimie Watanzania wenzako wote wa huko. Ruwa akulinde na baridi hiyo, akurudishe salama, na ukirudi tutakutafutia sanduku jingine.

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Elinipendo