Mota ya Ndani ya Gurudumu

Shika Adabu, Likoni

Dada Mwanatatu,

Salamu nyingi zikufikie huko Maskati. Sisi hatujambo, na mama anakula vizuri.

Pikipiki ya petroli nimeiuza, sasa naendesha ya umeme. Dukani zilikuwapo aina mbili: moja mota iko katikati na huvuta gurudumu kwa mnyororo, nyingine mota imo ndani ya gurudumu lenyewe. Fundi Jacktone alinisihi, "Chukua ya mnyororo, kaka. Mlimani ina nguvu zaidi." Nikachukua ile nyingine.

Dada, kuna jambo tulikuficha, unisamehe. Mwezi wa Rajabu nilikuwa nampeleka mama arusini, buibui lake likanaswa na mnyororo. Alianguka akavunjika bega. Amepona, alhamdulillahi, lakini aliapa hapandi tena pikipiki yangu.

Jana alitoka uani, akainama, akalichungua gurudumu la nyuma.

"Ishaka, mnyororo uko wapi?"

"Haina mnyororo, mama."

Akakusanya buibui lake, akapanda. "Haya, nipeleke sokoni. Na polepole!"

Wallahi, njia nzima alikuwa akiwapungia watu mkono.

Nduguyo akupendaye,
Ishaka