Fundi Vigae Wetu, Uliyegawana Dawa na Mwenzako

Mwaka umetimia, mjukuu wangu, tangu tukulaze. Haya ninayokuandikia alinieleza fundi rangi, mwenzako wa chumba, wiki ya tatu baada ya mazishi, alipotuletea begi lako.

Ulikuwa fundi vigae. Kila nyumba uliyoingia uliinama ukagonga sakafu kwa kidole, kusikiliza kama chini pana uwazi, hata msibani. Ukipiga simu kutoka ugenini uliniuliza, "Bibi, hujapata mume mwingine?" Nami nakujibu, "Na meno haya mawili, nani atanitaka?" Unacheka, kikohozi kinakushika. Ukasema ni vumbi la vigae.

Kumbe ni kifua kikuu. Ulipewa dawa za miezi sita, na kadi yako tunayo: kila siku ina alama, hukuruka hata moja. Ndiyo maana kifo chako kilitushinda kukielewa.

Fundi rangi alikaa mlangoni, kiti alikikataa. Akasema, "Bibi, na mimi nilikuwa nakohoa. Kule sikuwa na kibali cha kuishi, nikaogopa hospitali. Mjukuu wako akaniambia, chakula tunakula sahani moja, dawa itatushindaje? Kila asubuhi vidonge vinne: viwili vyake, viwili vyangu. Mimi ndiye niliyemuua."

Roho iliniuma, sitakuficha. Mara akakohoa, nikasikia ni kikohozi chako kilekile. Nikamwambia, "Inuka twende."

Huku kwetu nako ni mgeni. Pale zahanati alijificha nyuma yangu kama mtoto aliyeona sindano. Muuguzi akamwambia, "Kaka, hapa tunauliza kikohozi, hatuulizi kibali. Hata kule wangekupa, ungeuliza tu."

Siku hiyo nililia kuliko siku ya mazishi.

Huruma yako ilikuwa kubwa, mume wangu mdogo, lakini dawa si chakula. Nusu haikumponya yeye, wala haikukuponya wewe. Wenzako walio ugenini na wasikie.

Yeye amemeza zake zote, miezi na miezi, mbele ya macho yangu. "Bibi, unanilinda kama askari jela." Namwambia, "Fungua mdomo nione." Wiki iliyopita wamempima makohozi, hawakukuta kitu.

Tunaokukumbuka ni mimi bibi yako, mama yako, dada zako wawili na mjomba wako. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Na fundi rangi pia, ila yeye leo amechoka, ameshinda akipaka kuta za nyumba yetu kwa ajili yako. Amelala kitandani pako. Hakohoi.